Zamu ya Mtoto Mchanga: Uhakiki wa Ngazi za Vitabu vya Watoto kwa Mtazamo wa Rusizi

Makala haya yanahakiki kigezo kinachotumika sana kupanga vitabu vya watoto, yaani idadi ya maneno katika ukurasa. Tunadai kwamba kigezo hicho, ingawa kinamfaa mtoto anayejifunza kusoma mwenyewe, kinamsahau mtoto mchanga, ambaye hukutana na kitabu kupitia sauti ya mlezi wake.

Mfano mzuri ni mradi wa African Storybook, ulioanzishwa Afrika Kusini, ambao tangu mwaka 2014 hutoa hadithi bila malipo katika lugha nyingi za Afrika, Kinyarwanda na Kiswahili zikiwamo. Mchango wake hauna shaka. Hata hivyo, ngazi zake 5 huanza na maneno yapata 10 kwa ukurasa na kuishia na ngazi ya kusomewa kwa sauti, ambapo ukurasa hufikia maneno 150. Kwa mpango huo, kusomewa kumefungamanishwa na urefu wa matini. Mtoto wa miezi minane ndiye anayehitaji mno kusomewa, lakini ukurasa wa maneno 150 haumfai.

Hali ya Rusizi hudhihirisha kasoro hiyo. Mjini Kamembe, Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumba nyingi, na Kiswahili husikika sokoni na katika biashara na Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi. Mtoto aliyebebwa mgongoni husikia lugha zote mbili kabla hajaota jino. Nyumbani hubembelezwa kwa ibihozo, na akikua kidogo husikia vitendawili: mtegaji husema "Sakwe sakwe", nao wasikilizaji hujibu "Soma", kama Waswahili wasemavyo "Kitendawili" na kujibiwa "Tega". Neno soma, katika lugha zote mbili, ndilo hilo hilo litumikalo kwa kitabu. Aidha, fomula hiyo ni zamu ya sauti, na kwa zamu ndivyo lugha ya mtoto inavyokua: anapobwabwaja, mama huitika, mama anapojificha uso kwa khanga na kuufunua, mtoto hucheka na kungoja tena.

Kwa hiyo tunapendekeza mhakiki aulize kwanza: je, kitabu kinamwachia mtoto zamu yake? Kiitikio, mlio wa mnyama, uso wa mtu na ukurasa mgumu usioraruka mtoto anapoutia mdomoni vina uzito kuliko hesabu ya maneno.

Huenda ikasemwa kwamba palipo na uhaba wa vitabu, chochote kinatosha mikononi mwa mlezi hodari. Ni kweli kwa mlezi anayesoma kwa wepesi. Mama asiyejua kusoma hufukuzwa na ukurasa uliojaa maandishi, ilhali kitabu cha picha tupu humpa nafasi ya kutaja, kuuliza na kuimba kwa lugha aijuayo. Kwa kigezo cha idadi ya maneno, kitabu hicho ni sifuri.

Tangu Kiswahili kiwe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, juhudi nyingi zimeelekezwa ofisini na darasani. Tukimngoja mtoto mpaka afike darasani, atakutana na Kiswahili kama somo la mtihani, ilhali alikwisha kukisikia kama mchezo mgongoni mwa mama yake.