Tone Chini ya Hiace: Maji ya Jikoni au ya Rejeta?

Hiace ya kawaida ikidondosha maji, fundi anajua pa kuanzia: rejeta, wotapampu, mipira yake, au AC. Hiace iliyogeuzwa gari la kulala ni habari nyingine. Imewekewa sinki, tangi la maji safi, tangi la maji machafu na pampu ya volti 12, na mabomba yake yote yanapita chini ya sakafu ileile inayopitisha mabomba ya kiwandani. Kinachodondoka kinaweza kuwa kimetoka jikoni au kimetoka kwenye injini, na tone lenyewe halisemi.

Gari tunalolizungumzia hapa ni la dizeli, mtumba wa Japani, lililogeuzwa kwa safari za Manyara na Ngorongoro. Kila likiegeshwa, kidimbwi kilijitokeza karibu na tairi la nyuma la kushoto, sawasawa na lilipofungwa tangi la maji safi. Maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Gereji ya kwanza ilimjibu mwenye gari bila hata kuingia uvunguni: "Mama, hilo ni tangi lako la jikoni." Koki ya tangi ikabadilishwa. Kidimbwi kikarudi.

Mafuta yaliondolewa kwenye orodha mapema. Boksi jeupe lilitandikwa chini usiku kucha, na asubuhi likawa limelowa tu, halina doa. Dizeli ingenuka. Mafuta ya injini yangeacha weusi, ya stelingi wekundu, na ya difu yana harufu kali ya kiberiti ambayo fundi yeyote anaijua. Mafuta ya breki huwa na rangi ya manjano hafifu, hutelezesha vidole na kubabua rangi ya gari. Ungekuwa ndio huo uvujaji, gari lisingetoka hapo lilipo mpaka litengenezwe.

Ikabaki jamii ya maji, nayo ina wanachama wengi. AC ndiyo mshukiwa wa kwanza kila mahali penye joto la unyevunyevu, na Hiace nyingi zina AC ya pili ya nyuma yenye mpira wake wa kumwaga maji. Kuiondoa ni rahisi: usiiwashe. Gari liliendeshwa madirisha wazi, likaegeshwa, na matone yakaja vilevile.

Halafu likaja swali la tangi. Njia iliyotumika ni ya bei ya chini kuliko zote, yaani rangi ya chakula ya kijani, ile ya kupambia keki. Kijiko kidogo kilitiwa kwenye tangi na pampu ikawashwa mpaka bomba la sinki likatoa maji ya kijani; sinki likamwagwa ili na tangi la maji machafu lipate rangi. Kama jikoni ndiko kulikokuwa kunavuja, uvunguni kungedondoka kijani. Kulidondoka maji meupe.

Hapo ndipo wengi wangesema basi ni kulanti, yaani maji ya rejeta. Lakini kulanti ya Toyota ni nyekundu au ya waridi, mbona haya ni meupe? Jibu lilipatikana kwa kuuliza tu. Mwenye gari alikuwa anaongeza maji ya bomba kwenye chupa ya akiba ya rejeta, kidogo kidogo, kila anapoona yamepungua. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Kila alipoongeza, rangi ilizidi kufifia, na ushahidi ukafutika kabla haujasomwa.

Wapo mafundi ambao hapa wangeonja kwa ncha ya ulimi. Usithubutu. Kulanti nyingi zina ethilini glikoli, ambayo ina utamu na ni sumu inayoharibu figo. Mbwa na paka hufa kwa kulamba vidimbwi vya namna hii.

Kilichofanyika badala yake ndicho kipande cha kazi nilichokipenda kuliko vyote. Kioo kilisafishwa, kikawekwa juani. Upande mmoja yalidondoshewa matone yaliyokingwa uvunguni, upande wa pili maji ya bomba. Maji ya bomba yalikauka yakaacha duara jeupe la chumvi. Yale ya uvunguni yalipungua, yakapungua, kisha yakagoma. Palibaki utando mzito unaonata kidoleni, na ulipotazamwa ukiwa juu ya karatasi nyeupe ulikuwa na uwaridi. Sababu yake ni kwamba maji huondoka mapema, lakini glikoli, ambayo huchemka kwenye nyuzi 197 za Selsiasi, hubaki nyuma pamoja na rangi yake. Jua lilirudisha rangi iliyozimuliwa na maji ya bomba.

Sasa, kulanti inafikaje tairi la nyuma wakati injini iko chini ya viti vya mbele? Maji yanayovuja husafiri. Hufuata chesisi, husukumwa nyuma na upepo gari likikimbia, na hudondokea popote pale yanapokosa pa kushikilia. Kwa hiyo uvungu ulioshwa, ukakaushwa, na rejeta ikafungwa pampu ya mkono yenye geji mahali pa kifuniko, injini ikiwa ya baridi. Shinikizo lilipandishwa mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe. Kupita hapo ni kutengeneza uvujaji mpya. Sindano ilianza kushuka polepole. Fundi akaingia uvunguni na tochi, akitafuta sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa iliyolowa, kwa maana huko ndiko chanzo.

Hiace nyingi zina hita ya nyuma, na maji ya moto huifikia kwa mabomba mawili ya chuma yanayopita chini ya sakafu. Bomba mojawapo lilikuwa linagusana na braketi ya tangi la jikoni. Aliyefunga tangi alikaza boliti bila kuacha nafasi, mitetemo ya barabara za vumbi ikasaga rangi ya bomba, na kutu ikamalizia kazi. Tundu lilikuwa dogo kama ncha ya sindano. Gereji ya kwanza ilikuwa imepapatia mahali, ikakosea kitu: tangi lilihusika, ila maji hayakuwa yake.

Kwa gari la njia hiyo, hili si jambo dogo. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, maji yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Kinachoiokoa injini kwenye mlima ule ni shinikizo la rejeta, na bomba lililotoboka haliwezi kulishikilia.

Kuchomelea tundu moja kwenye bomba lililokwisha kuliwa na kutu ni kupoteza pesa, kwa hiyo mabomba yote mawili yalibadilishwa na braketi ikasogezwa. Wengine huikata hita ya nyuma kabisa na kuunganisha mpira mbele. Si vibaya, maana injini ikizimwa usiku hita hiyo haikupi joto hata hivyo. Mfumo ulisafishwa, ukajazwa kulanti iliyochanganywa na maji yaliyosafishwa.

Kwa wanaotengeneza magari haya: kabla ya kutoboa sakafu au kukaza braketi, ingieni uvunguni mfuate kila bomba la kiwandani kwa mkono. Na kwa mwenye gari: rejeta ikikuomba maji mara ya pili, usiongeze ukaondoka. Tafuta yanakokwenda.