Mwanafunzi Aweze Nini? Uhakiki wa Lugha ya Malengo katika Mtaala wa Kiswahili

Makala haya yanahakiki lugha inayotumika kuweka malengo ya ujifunzaji katika mtaala wa Kiswahili wa shule za umma nchini Kenya, ulioanza kutekelezwa katika madarasa ya chini mwaka 2019. Mjadala kuhusu mtaala huo umeelemea uhaba wa walimu, vitabu na madarasa, na ni haki uwe hivyo. Hapa tunauliza swali dogo zaidi: sentensi inayotaja lengo inasema nini hasa?

Kila mwalimu anaufahamu muundo wake. Kufikia mwisho wa mada, mwanafunzi aweze kufanya jambo fulani. Hufuata vitenzi: kutambua, kueleza, kutumia, kusoma na, kwa kawaida mwishoni mwa orodha, kuchangamkia au kuthamini. Robert Mager, alipoandika kuhusu malengo ya ufundishaji mwaka 1962, alitaka lengo liwe na sehemu tatu: tendo linaloonekana, mazingira ya kulitenda na kigezo cha kulikubali. Mtaala umehifadhi sehemu ya kwanza, umeigusia ya pili na kwa kiasi kikubwa umeiacha ya tatu. Lengo la kusoma kifungu kwa ufasaha halielezi urefu wa kifungu, uzito wa msamiati wake, wala idadi ya makosa yanayovumilika.

Pengo hilo hujitokeza wakati wa kutathmini. Utendaji hupangwa katika ngazi nne: kuzidisha matarajio, kuyafikia, kuyakaribia na kuwa mbali nayo. Katika majedwali ya tathmini, mara nyingi kitenzi hubaki kilekile toka ngazi moja hadi nyingine. Kinachobadilika ni kielezi. Mzigo wa upimaji umetwikwa maneno kama "ipasavyo" na "kwa kiasi", ambayo hayana kipimo ndani yake na humwachia msemaji uamuzi. Walimu wawili wanaweza kumsikiliza mtoto mmoja akisoma, wakampa ngazi mbili tofauti, na wote wawili wakawa wameufuata mtaala kikamilifu.

Lau tofauti hiyo ingeishia katika ripoti ya muhula, tungeivumilia. Ila katika mpango wa tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 60 ya alama zilitengewa kazi zinazopimwa shuleni, na asilimia 40 mtihani wa kitaifa. Kielezi kimekuwa alama.

Istilahi nayo haisaidii. Kenya husema umilisi, Tanzania husema umahiri. Wanaisimu wanaotumia Kiswahili wamezoea kulitenga neno umilisi na utendi, kwa kufuata mgawanyo wa Noam Chomsky wa mwaka 1965: umilisi ni maarifa ya lugha yaliyofichika akilini, utendi ni matumizi yanayosikika. Mtaala, kinyume chake, unaliita umilisi lile hasa linalopaswa kuonekana. Umahiri, kwa upande wake, hudokeza ustadi wa hali ya juu, ilhali mtoto wa darasa la pili anadaiwa mwanzo mwema tu. Katika hayo mawili, umahiri una kasoro ndogo zaidi.

Suala hili linaihusu Uganda moja kwa moja. Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watunga mtaala wake watawageukia majirani kutafuta vielelezo, na kuiga orodha ya vitenzi ndiyo njia ya mkato.

Ipo hoja kinzani yenye uzito. Lawrence Stenhouse, mwaka 1975, alitahadharisha kwamba malengo yaliyofungwa mno huua yale yasiyotabirika katika elimu. Ni kweli kwa ushairi. Kuthamini shairi hakupimiki kwa ngazi nne, na kwa hiyo kusipewe alama. Kusoma ni jambo jingine. Hakuna kinachozuia lengo liseme kwamba mwanafunzi asome kwa sauti kifungu cha maneno 60 asichowahi kukiona, kisha ajibu kwa usahihi maswali mawili kati ya matatu. Idadi hizo ni za mfano. Za kweli zinapaswa kutokana na majaribio madarasani. Kila ngazi iambatanishwe na sampuli za kazi halisi za wanafunzi, zilizokusanywa katika shule za vijijini na za mijini, ili mwalimu awe na kitu cha kulinganisha kabla ya kujaza jedwali.