Pale Ukuta Unapokutana na Maji

Ukisimama Lwiro, kwenye mteremko unaopanda kuelekea Mlima Kahuzi, Ziwa Kivu ni utepe tu, na Idjwi imelala katikati yake. Wanasayansi wa IRSAC, taasisi iliyoanzishwa na Wabelgiji mwaka 1947, walijenga makao yao huku juu, na mchoraji akikaa hapo maji hayamsumbui. Rangi ya mbingu ikikolezwa kidogo inatosha, kwa kuwa maji yakitazamwa kutoka mbali hurudisha mbingu na kuficha kina chake.

Ashuke Bukavu sasa, kwenye rasi zilizojaa nyumba hadi ukingoni, na pale Ruzizi inapotoka ziwani ikitenga Kongo na Rwanda. Mchoraji mvivu huigeuza nyumba miguu juu, akaibandika majini, akahesabu kazi imekwisha. Fundi anajua maji yanaitazama nyumba kutoka chini. Kwa hiyo taswira ya nyumba majini huonyesha tumbo la paa, mbao na mabati ya upenuni, ambayo aliyesimama mlimani hayaoni kabisa. Ukuta mweupe ukiingia majini hufifia. Mlango mweusi hupauka. Halafu anaikata taswira hiyo kwa mipigo ya brashi iliyolala, myembamba kule ukutani, mipana zaidi kadiri maji yanavyomkaribia mtazamaji. Mpigo mmoja ukiinuka, ziwa zima linainama.

Wapo wanaozidharau picha hizi za ziwa, eti ni za kuuzia wageni. Wao humsifu Pilipili Mulongoy, wa ile shule ya Hangar aliyoifungua Pierre Romain-Desfossés mwaka 1946 huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo: samaki na ndege juu ya mistari midogo midogo, bila upeo wala kivuli. Pilipili nampenda pia. Ila yeye hakulazimika kujali jua liko upande gani. Mchora mandhari akikosea hapo, mtoto yeyote aliyekulia ufukweni atamcheka.

Mtihani mgumu zaidi ni mitumbwi ya kuvulia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani: mitatu iliyofungwa pamoja, yenye miti mirefu ya kubebea wavu, iliyochomoza mbele na nyuma. Wengi huichora miti hiyo kama imepigiwa rula. Lakini mti mrefu namna ile hulegea nchani kwa uzito wake, na majini taswira yake hupinda kwenda juu. Picha yenye mpindo huo mdogo, mimi huinunua bila kubishania bei.