Istilahi za Lenzi na Kasoro ya Umbo la Jicho

Istilahi njema hutaja kitu na papo hapo humwongoza msomaji kukifahamu. Tukiyapima kwa kipimo hicho maneno yanayoweza kutumika kueleza astigmatizimu na lenzi zinazoisahihisha, twaona kwamba baadhi yake yanapotosha.

Kwanza, 'uoni hafifu' hutaja matokeo na kuacha chanzo. Uoni hafifu una vyanzo vingi, mtoto wa jicho akiwa mojawapo. Astigmatizimu ni kasoro ya umbo. Aghalabu konea, yaani utando angavu ulio mbele ya mboni, huwa imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, mfano wa ubavu wa yai. Hivyo miali ya nuru haikutani kwenye nukta moja. George Airy, mwanafalaki Mwingereza, aliieleza kasoro hiyo ya jicho lake mwenyewe mwaka 1825, akaisahihisha kwa kioo cha miwani chenye upande wa umbo la mcheduara. Twapendekeza 'kasoro ya mipindo'.

Pili, 'lenzi ya jicho' ina hatari zaidi. Jicho lina lenzi yake ya asili, nayo ndiyo iondolewayo katika upasuaji wa mtoto wa jicho. Mgonjwa akiandikiwa 'toa lenzi ya jicho kila usiku', ana haki ya kushtuka. 'Lenzi ya kuvaa jichoni' ni ndefu, lakini haina utata.

Tatu, 'lenzi toriki' haimwelezi mwalimu lolote. Lenzi ngumu ya kawaida hushika umbo lake la tufe. Machozi hujaza nafasi iliyo kati yake na konea, na kasoro ya konea ikafidiwa. Lenzi laini hufuata umbo la konea, na kasoro ikabaki. Kwa hiyo hutengenezwa lenzi laini yenye mipindo miwili tofauti, na mara nyingi huongezwa unene upande wa chini ili isizunguke mtu apepesapo. Ikizunguka nyuzi 30, faida ya usahihisho huo hupotea yote.

Twapendekeza 'lenzi ya mipindo miwili'. Tumeepuka 'mibinuko miwili', kwani mwanafunzi aliyezoea 'lenzi mbinuko' na 'lenzi mbonyeo' angedhani ni lenzi iliyobinuka pande zote mbili. Wafasiri na walimu wayajaribu majina haya kazini, na penye kasoro watukosoe.