Bao Hupimwa kwa Vidole

Maduka ya vinyago Arusha mjini yamejaa mabao ya kukunja, yenye bawaba za shaba na tembo waliochongwa ubavuni. Hayo yametengenezwa yatazamwe. Bao ninalolizungumzia ni lile unalomwagiza fundi seremala pale Lemara, likakae kijiweni na kuchezwa mpaka magharibi. Nakshi uziache kwanza. Anza na shimo.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za manane manane, na kete 64. Mchezaji anachota, anasambaza, anachota tena, mkono hausimami. Basi tia kete 12 katika shimo moja, uzichote kwa mkupuo. Ikibaki hata moja, patasi haikumaliza kazi: kitako kina kona. Ukingo nao uwe umepigwa msasa hata usikwaruze kucha. Ila shimo lisizidi kina. Kete zikizama, watazamaji hawazioni, na mtazamaji wa bao asiyeweza kubisha mnamweka pale wa nini? Mafundi hodari wa vitanda na makabati huteleza hapa. Humfikiria aliyeketi, wakamsahau aliyesimama nyuma yake.

Kisha tafuta nyumba. Ni shimo la mraba katika safu ya ndani, la tano ukihesabu kutoka kushoto kwa kila mchezaji. Kwa hesabu hiyo nyumba mbili haziwezi kukabiliana. Zinapishana kwa shimo moja. Ukizikuta zinatazamana uso kwa uso, aliyechonga hajawahi kucheza, na mimi bao hilo silinunui hata kwa bei ya kutupa. Mraba wenyewe uishie juu. Chini kuwe na mviringo kama mashimo mengine, kwa sababu nyumba ndiyo hushiba kuliko yote. Ghala za pembeni zipime vilevile: kwenye namua, awamu ya kwanza ya mchezo, kila mmoja huanza na kete 22 mkononi, na zote zinahitaji pa kukaa bila kumwagika.

Kuhusu mti, mninga na mkongo havina mjadala. Ukiambiwa ni mpingo, tilia shaka. Mpingo ni mwembamba na umejipinda, kupata ubao mpana wa kutosha bao zima ni bahati. Mara nyingi unachokiona ni kiwi ya viatu. Futa chini kwa kitambaa chenye maji, au omba kipande kilichobaki ukitie kwenye ndoo: mpingo huzama. Angalia pia vichwa vya ubao. Mti uliochongwa mbichi ukikutana na kiangazi cha Arusha hupasuka kuanzia hapo, na ufa ukifika shimo la kichwa hakuna gundi itakayolirudisha. Unene wa chini usipungue kidole kimoja, la sivyo bao litacheza pamoja na wachezaji.

Kete bora ni komwe, mbegu ngumu ya kijivu itokayo pwani. Wengi huku bara hutumia kokoto, nazo si haba, ila hula mti taratibu. Agiza komwe zinazolingana ukubwa kutoka Tanga, na uombe za akiba: mtaani kwenye watoto, kete 64 kamili hazimalizi mwezi.