Grotei: Hapo Ndipo Flora Ilipoteleza

Mwaka 2006, Iain Darbyshire alipoandika familia ya Gesneriaceae kwa ajili ya Flora ya Afrika Mashariki ya Kitropiki, orodha ya mimea ya eneo hili, spishi 20 hivi za Saintpaulia (urujuani wa Afrika) alizokuwa amezitambua mtaalamu wa mimea Burtt zilishuka hadi chini ya kumi. Mengi aliyafanya sawa. Spishi zilizosimama juu ya vinyweleo vya jani zilistahili kufyekwa. Kwenye grotei, mojawapo ya spishi hizo za zamani, alikosea, tena waziwazi.

Ndani ya nususpishi moja alitia grotei yenyewe, magungensis, confusa na difficilis. Zitazameni zinavyoota! Grotei na magungensis hutambaa: shina hurefuka, hutoa matawi, hutia mizizi penye vifundo, mwishowe jabali hufunikwa na fungu lisilojulikana lilianzia wapi. Difficilis hujikalia, majani yakizunguka kitovu chake. Hiyo ni mipango miwili ya kujenga mmea, na imepewa jina moja.

Wanaomtetea husema zote huzaliana zenyewe kwa zenyewe kwa urahisi. Kweli, lakini kuzaliana hakuelezi kwa nini shina hili hurefuka na lile halirefuki. Swali hilo hujibiwa kwa kuotesha yote pamoja, udongo mmoja, mwanga mmoja, na kusubiri. Inayotambaa ikizidi kutambaa, basi tabia ni ya damu, si ya kivuli wala mwamba. Karatasi ya herbaria, yenye mmea uliokaushwa, haiwezi kusema hayo, kwa sababu mkusanyaji hung'oa kitovu kimoja akakibana, fungu likabaki msituni. Utalijuaje shina la migomba kwa kushika ndizi moja?

Burtt, pamoja na uchu wake wa kugawagawa, alikuwa na mimea hai mbele yake katika nyumba za vioo za Edinburgh. Uchambuzi wa DNA ya Saintpaulia wa Möller na Cronk, 1997, nao ni kazi safi. Lakini walioifuta jenasi nzima ya Saintpaulia mwaka 2015 na kuitosa ndani ya Streptocarpus, hao sijawasamehe.

Nasi wa bondeni, chini ya milima ya Udzungwa, mambo haya yanatuhusu. Saintpaulia imo pia milimani humo, ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1992. Mwanafunzi anayetoka Ifakara kupanda milima hiyo kupitia Mang'ula, akikuta fungu lenye vitovu vingi, afukue kwa vidole aone kama vimeungana kwa shina au ni miche iliyoota jirani. Aandike hilo kwenye lebo, apige picha ya jabali zima. Kibali kikiruhusu, achukue jani moja kutoka kila fungu, kwani Saintpaulia huchipua kwa jani, na yote yaoteshwe kitalu kimoja badala ya kubanwa kwenye magazeti.