Kasia Bila Mtumbwi

Likizo iliyopita, nikiwa Muleba, nilimwonyesha babu opera ya Kichina kwenye simu yangu. Onyesho lenyewe ni Qiu Jiang. Mtawa kijana, Chen Miaochang, amempenda msomi Pan Bizheng. Shangazi wa kijana amemlazimisha aondoke kwenda kufanya mitihani, na binti anakodi mtumbwi ili amfuate. Mwenye mtumbwi ni mzee mwenye utani: anabishania nauli, anamchokoza kuhusu mpenzi wake, na huku muda unakwenda. Jukwaani hakuna maji wala mtumbwi. Kuna kasia tu mkononi mwa mzee.

Katika rasimu ya tasnifu yangu nilikuwa nimeandika kwamba mtazamaji wa Kagera hataielewa sanaa hii bila kufundishwa kwanza ishara zake. Babu, aliyevua samaki Bumbire miaka mingi, hakufundishwa chochote. Binti alipoingia mtumbwini na upande wake ukashuka, mzee wa upande wa pili akainuka, babu alicheka. "Huyu amewahi kupanda mtumbwi," alisema. Kisha akauliza: "Sasa wanasemaje?"

Hapo ndipo nilipokwama. Maandishi chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza. Nilitafsiri mbio mbio, na kila utani ulimfikia babu ukiwa umeshapoa.

Nadhani swali lake linagusa kasoro ya zamani katika ubadilishanaji wetu wa sanaa na China. Katikati ya miaka ya 1960 vijana wa Tanzania walipelekwa huko kujifunza sarakasi, na mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha taifa cha sarakasi. Lilikuwa jambo kubwa, na mpaka leo vijana wetu wanapata riziki kwa ujuzi huo. Lakini sarakasi husafiri kirahisi kwa sababu haihitaji maneno. Opera ya Kichina ina stadi nne: kuimba, kusema, kuigiza kwa mwili na kupigana. Kupinduka hewani kumo katika hiyo ya nne. Anayesubiri kupinduka tu anaondoka na robo ya sanaa.

Wala si sisi peke yetu. Mei Lanfang alipoigiza Moscow mwaka 1935, Brecht alikuwa miongoni mwa watazamaji, na baadaye akaandika insha maarufu kuhusu uigizaji wa Kichina. Aliona mengi, ila aliyoyaona ni yale ya macho.

Tungetendewa sisi hivyo, tungelalamika. Mtezi wa nanga wa Kihaya huketi na ala yake, na kwa sauti tu anajenga ziwa, vita na nyumba za wafalme. Mulokozi alipoandika mwaka 1997 juu ya Habibu Selemani, alimwita mtezi wa mwisho. Katika hoteli moja Bukoba nimeona nanga ikipigwa dakika chache mbele ya wageni. Wakapiga picha, na hakuna aliyewaeleza kilichosimuliwa. Nilikasirika. Kumbe mimi mwenyewe nilikuwa nikiitazama opera ya Kichina kama wageni wale.

Dawa yake haiko mbali. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina Dou Dou na Mama Wakwe Zake ikiwa na sauti za Kiswahili, na watu waliifuata kwa sababu ugomvi wa mama mkwe waliuelewa neno kwa neno. Kama mama mkwe alipewa Kiswahili, mwenye mtumbwi naye anastahili.

Nimeanza kumtafsiri mwenyewe, kutoka kwenye Kiingereza kile kile, na najua nitahitaji mtu wa Kichina wa kunisahihisha. Nikiwa stendi ya Bukoba nasubiri basi, nilimpigia babu nikamsomea ukurasa wa kwanza. Mwenye mtumbwi wangu alisema, "Tafadhali panda, binti." Babu alikataa. Mwenye mtumbwi hasemi tafadhali, alisema. Anasema, "Kaa katikati."

Nimefuta tafadhali.